Brembo, Braktec, Magura, Nissin: Ziba Nembo, Soma Namba

Karibuni wadau. Mezani leo nina masta mbili za breki ya mbele, yaani zile pampu za usukanini zinazosukuma mafuta ukibana leva, zote za pikipiki za matope, na zote nimezizungushia tepu nyeusi pale penye nembo. Makusudi kabisa. Sanduku la maoni limejaa swali moja tu kuhusu Brembo, mtengenezaji wa breki wa Italia: "Kampuni fulani imeacha Brembo, je, ninunue au nikimbie?" Basi leo jina hulioni mpaka tepu itoke. Ukinuna sawa, ila usiondoke, kuna kitu hapa kimeniudhi na nataka tuudhike wote.

Habari yenyewe naipitia mbio, wengi mnaijua. KTM, yule mtengenezaji wa pikipiki za rangi ya chungwa, kwenye motokrosi (mbio za uwanja wa matope) na enduro (safari ndefu za porini) kubwa amekaa na Brembo miaka nenda rudi. Wanaohamahama ni ndugu zake wa nyumba moja. Husqvarna aliingia kwenye familia hiyo 2013. Enduro zake za 2018 zikaja na Magura ya Ujerumani, na zilipofika za 2024 Magura akafungashwa virago, akaingia Braktec wa Hispania. GasGas naye, aliyechukuliwa 2019, alianza na Brembo kisha akahamia huko huko kwa Braktec. Huku upande wa Japani mambo yakaenda kinyume: Kawasaki KX450 ya 2024 ikaacha breki ya Nissin, ya Kijapani, mbele, ikavaa Brembo. Honda na Yamaha wametulia na Nissin wao, ambaye tangu 2021 yumo ndani ya kampuni kubwa ya Astemo, zamani Hitachi Astemo.

Kwa hiyo mmoja anamkimbia Brembo, mwingine anamkimbilia. Wote wawili wana vipeperushi vinavyosema breki yao sasa ni bora. Hapo ndipo pananiudhi. Fungua kipeperushi chochote: utaambiwa jina la breki, utaambiwa diski ya mbele ni milimita 260 au 270, basi. Namba inayoamua kidole chako kitahisi nini haimo. Ipo wapi? Sogeza kamera. Hapa, ubavuni mwa masta, chini ya kikombe cha mafuta. Mnaiona? Hii imeandikwa 9. Na hii ya pili, ngoja nifute vumbi, 11. Hicho ni kipenyo cha pistoni ya masta kwa milimita. Kwenye nyingine za Kijapani utaikuta kwa inchi, kwenye nyingine haipo kabisa, unafungua na kupima kwa vernia.

Tulieni na hesabu, fupi. Kalipa ya mbele ya pikipiki hizi, ile inayobana pedi kwenye diski, kwa kawaida ina pistoni mbili upande mmoja, na nyingine nyingi ni za milimita 24 kila moja. Jumla ya eneo lake ni kama milimita za mraba 905. Masta ya 9 ina eneo la 63.6. Gawanya: 14.2. Masta ya 11 ina 95. Gawanya: 9.5. Maana yake, nguvu ile ile inayoingia kwenye masta, ya 9 inaizidisha mara 14.2 na ya 11 mara 9.5 tu. Sasa ongeza leva. Tuseme kidole kiko mbali na bawaba mara sita kuliko msukumo unaogusa pistoni. Unabana kwa kilo 5, kwenye masta zinafika 30. Kwa ya 9, pedi zinabanwa kwa kilo 426. Kwa ya 11, kilo 285. Kidole kile kile, diski ile ile, pedi zile zile.

Sasa mtu akipanda hii ya 11 atakwambia nini? "Breki za kampuni hii hazikamati." Na hii ya 9? "Hii kali, kidole kimoja tu." Wala hajagusa nembo.

Ila usikimbilie ya 9 bado, haitoi bure. Tizameni leva. Nimefunga zote mbili kwenye bomba moja la usukani, nimeweka rula pembeni. Ili pistoni za kalipa zitembee milimita 0.3 kugusa diski, masta ya 9 lazima isogee milimita 4.3, ya 11 inasogea 2.9. Zidisha kwa sita: kidole kinasafiri karibu milimita 26 hapa, na 17 pale. Nabana hii ya 9... inakuja, inakuja, ndiyo imekamata. Nabana ya 11... imekamata zamani, ngumu kama ukuta. Rudia tena polepole, tazama rula. Hiyo ya kwanza ikiingia kiputo kidogo tu cha hewa, leva inagonga mpini. Hii ya pili ikipata kiputo kile kile utahisi ulaini kidogo na utaendelea na safari. Kwa hiyo anayelalamika "leva inazama" na anayelalamika "breki butu" huenda wanalalamikia namba mbili tofauti, nembo imesingiziwa.

Haya, tepu. Natoa ya kwanza. Natoa ya pili. Mmeona? Kiwanda kimoja. Jina silitaji maana leo si siku yake, ila wote wanafanya hivyo: mtengenezaji wa breki anatoa kipimo alichoagizwa na mwenye pikipiki. Ukisema "Brembo ni kali" au "Braktec ni laini" unazungumzia chaguo la mhandisi wa pikipiki hiyo, mwaka huo.

Maoni yangu ya kweli? Ukinilazimisha, kwa motokrosi nataka ukali wa Brembo wa KTM, breki inakamata mapema na unaingia kona umechelewa kufunga. Kwa enduro, mawe yenye utelezi na mizizi, breki inayoanza taratibu kama ilivyo Braktec hainiudhi hata kidogo, gurudumu la mbele halifungi ghafla. Najua nitatukanwa kwa hilo. Na Nissin ya Honda ndiyo inayonichosha kuisifia: haina kelele, haina makuu, inafanya kazi.

Mbona wanabadilisha basi? Bei, na ngazi ya nyumbani. Kundi lenye pikipiki tatu zenye fremu na injini karibu moja lazima liziachanishe kwa kitu. GasGas ndiye wa bei ya chini kati ya ndugu, na breki na klachi ni mahali rahisi pa kupunguza gharama bila kugusa injini. Kawasaki yeye anasukuma juu, anataka pikipiki yake ionekane ya daraja la kwanza dukani. Na ukubwa wa diski? Chukua ya 270 badala ya 260. Tofauti hiyo inakupa nguvu karibu asilimia 4 tu, ndogo sana ukilinganisha na ile ya masta tuliyoiona sasa hivi.

Na kabla hujajivunia kwamba umemkimbia Brembo: mwaka 2021 Brembo alimnunua J.Juan wa Hispania, yule aliyefunga breki za KTM 790 Adventure. Bybre nayo, mnayoiona kwenye KTM 390 na kwenye Royal Enfield Himalayan, ni mtoto wa Brembo aliyezaliwa kwa ajili ya soko la India. Ukoo ni mmoja, majina mengi.

Tangazo dogo hapa katikati: video ya shokomzoba iliyokuwa itoke wiki hii inasogea mbele, na kuanzia sasa video zinatoka Alhamisi. Haya, turudi.

Balaa halisi la kubadilisha mtengenezaji liko kwenye mafuta na spea, na hapa fundi anaweza kuharibu pikipiki ndani ya dakika tano. Angalieni usukani wa Husqvarna yenye klachi ya Magura. Kulia ni breki, inakula DOT, yaani mafuta ya breki yasiyo ya madini. Kushoto ni klachi, inakula mafuta ya madini. Vikombe viwili vinavyofanana, kwenye pikipiki moja. Ukimimina madini kwenye breki ya DOT, sili za mpira zinavimba, pistoni hazirudi, breki inajifunga yenyewe barabarani. Ukimimina DOT kwenye klachi ya madini, sili zake zinalainika na kuvuja. Kusuuza hakusaidii, unabadilisha sili zote na hosi. Kwa hiyo usiulize kundi la WhatsApp, soma kifuniko cha kikombe. Na DOT 5, ile ya silikoni, kaa nayo mbali. Inayotakiwa ni 4 au 5.1. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishakunywa maji kiwango cha chini ni 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mteremko mrefu wenye mafuta ya miaka mitatu, hiyo 155 si mbali.

Pedi vilevile. Duka likikuuliza "pikipiki gani?" usijibu kwa jina na mwaka peke yake, maana mwaka mmoja unaweza kuwa ndio walipohama. Chomoa pedi ya zamani, ilaze juu ya mpya, tundu la pini kwa tundu, masikio kwa masikio.

Sasa kutoa upepo, maana nusu ya mnaotaka kununua seti nzima ya Brembo shida yenu ni hewa. Geuza usukani mpaka kikombe kikae sawasawa. Skrubu za kifuniko ni laini, tumia bisibisi inayojaa, la sivyo unazila vichwa. Toa pedi kabisa, ziweke mbali, tone moja likizigusa zimekwisha. Rudisha pistoni za kalipa ndani kwa bapa la mbao, mafuta yatapanda kikombeni, yavute kwa bomba la sindano. Chukua bomba la sindano kubwa safi, la mililita 50 au 60, jaza kama 30 za mafuta mapya, funga mpira mwembamba unaoonekana ndani, sukuma mpaka tone litoke mbele. Muhimu hilo, hewa ya kwenye mpira ndiyo unayotaka kuiepuka.

Spana ya duara, nyingi ni namba 8. Ivalishe kwenye nipo kwanza, ile skrubu yenye tundu ya kutolea hewa kwenye kalipa, kisha mpira. Fungua robo mzunguko. Sukuma taratibu... tazama kikombe. Hivyo viputo! Hewa inapenda kupanda, sisi tunaisukuma inakotaka kwenda, badala ya kuishusha chini kwa kupampu. Kikombe kikikaribia kujaa, simama, vuta ya ziada, endelea. Funga nipo kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu, ina tundu katikati, ukiikaza kwa hasira inakatikia ndani.

Kisha bana leva vipande vidogo, milimita 5 tu, acha, bana, acha, huku unagonga hosi na kiungo chake kwa mpini wa bisibisi. Ona kile kidogo kinachotoka kwenye kitundu chembamba sakafuni mwa kikombe. Ndicho kilichokuwa kinaifanya leva iwe sponji. Funika, rudisha pedi, pampu mpaka zikamate, kisha funga leva kwenye mpini kwa mkanda na uiache usiku kucha. Hewa iliyobaki inajikusanya juu karibu na masta, asubuhi ukiachia inatoka.

Kosa la mwisho, na hili linaua breki nzuri. Hii skrubu ndogo ya kurekebisha mchezo wa leva. Watu wanaikaza mpaka leva haina mchezo, wanasema breki imekuwa kali. Kilichotokea ni kwamba pistoni imeziba kile kitundu, mafuta yakipata moto hayana pa kurudi, breki inajibana zaidi na zaidi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Acha milimita 3 za mchezo kwenye ncha ya leva. Umenunua leva ya kukunjika ya dukani? Pima tena, urefu wa msukumo wake si lazima ufanane.

Kwa hiyo ukitaka kutumia pesa, panga hivi: mafuta mapya na kutoa upepo kwanza, halafu pedi za chuma badala ya zile laini, halafu hosi ya waya. Masta iwe ya mwisho, na ukifika huko muulize muuzaji namba ya ubavuni. Akikujibu kwa jina la kampuni, muulize tena.

Hii ya 9 naifunga mkanda sasa hivi, Alhamisi tunaifungua tukiwa na shokomzoba mezani. Andikeni chini hapo namba iliyoko kwenye masta zenu, na mwaka wa pikipiki, nataka tupate orodha.