Maikromita ya Moore & Wright isiyo na racheti: uzoefu wangu baada ya kuifufua

Kwa mwenye haraka: maikromita hii ya zamani (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa), ya inchi 0 hadi 1, inapima vizuri kuliko ile mpya ya bei nafuu niliyokuwa naitumia karakana, ingawa niliinunua haina racheti (kikofia cha nyuma kinachosawazisha nguvu ya kubana), haina loki ya kufungia kipimo na haina ufunguo wake wa kurekebisha sifuri. Niliipata Gerezani, Dar es Salaam, kwa muuza vyuma chakavu, kwa shilingi 25,000. Ilikuwa imeviringishwa kwenye gazeti pamoja na biti butu za drili, na kwenye fremu kuna herufi mbili zilizochorwa kwa ncha ya kitu kikali, bila shaka za fundi aliyeimiliki zamani na kuchoka kuazimwa.

Moore & Wright ilianzishwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1906. Mafundi wazee ninaowafahamu wanalitaja jina hilo kwa heshima kidogo. Mtu atauliza, inchi za nini wakati dunia imeshahamia milimita? Kwa sababu mashine tunazoletewa hazijahama. Injini za Lister za kusagia mahindi, Land Rover za Series na Massey Ferguson za zamani zilitengenezwa kwa inchi. Ukipima shina la valvu kwa milimita halafu ukaanza kugawa kwa 25.4, utafika, lakini siku yenye kazi nyingi hapo ndipo hesabu inapoteleza.

Pale kwa muuzaji kulikuwa na nyingine mbili zinazong'aa. Niliziacha. Zilikuwa zimepigwa msasa hadi mistari ya kwenye slivu, lile bomba la ndani lisilozunguka, imefifia, na sura za kupimia, yaani pale spindeli, ile fimbo inayosogea, inapokutana na fuawe, ile ncha isiyosogea, zilikuwa na mikwaruzo unayoiona kwa macho. Hiyo yangu ilikuwa nyeusi kwa kutu na mafuta yaliyoganda, lakini nilipoizungusha uzi wa skrubu yake ulikwenda kwa uzito uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Huo uzi ndio ninaoulipia. Una nyuzi 40 kwa inchi, hivyo mzunguko mmoja ni inchi 0.025, na subana, lile bomba lenye namba unalozungusha, limegawanywa mara 25, kila mstari thau moja, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi. Uzi ukilika sehemu moja, kwa kawaida pale ulipotumika zaidi, utahisi unalegea hapo kisha unakaza mbele. Kuna nati ya kukazia ndani, chini ya subana, inayoondoa ulegevu wa jumla. Ulegevu wa sehemu moja hiyo nati haiuponyi.

Usafi ulikuwa rahisi. Niliilaza kwenye mafuta ya taa, nikatumia mswaki wa zamani na kijiti cha mwanzi, basi. Maji ya betri na msasa nimeviweka mbali kabisa. Sura za kupimia nilizisafisha kwa karatasi safi: unaibana taratibu kati ya spindeli na fuawe, halafu unaivuta itoke. Karatasi ya kwanza ilitoka na duara jeusi, za baadaye zikatoka nyeupe. Mistari niliirudishia weusi kwa dawa ya viatu, nikaifuta juu ibaki ndani ya michoro tu.

Racheti ndiyo iliyonisumbua. Muuza spea mmoja wa mtandaoni alinitumia ya maikromita nyingine kabisa, akasisitiza kwamba zote zinaingiliana. Haziingiliani. Kipima nyuzi cha metriki hakikukaa kwenye tundu la nyuma ya spindeli hata kwa kulazimisha, na kulazimisha hapo ni kuua spindeli. Nikaenda kwa fundi wa kukereza hapo hapo Gerezani, kijana mtulivu ambaye alianza kwa kulitazama tundu kwa lenzi kabla ya kugusa mashine. Alikereza skrubu kwa kujaribisha kidogo kidogo, kisha kikofia cha shaba chenye meno ya msumeno upande mmoja, na kijiti cha kuyasukuma. Springi tuliitoa kwenye kiberiti cha gesi, ile ndogo inayosukuma jiwe la cheche. Ilikuwa ngumu mno, akaikata mizunguko kadhaa hadi ikatoa ule mlio laini wa trrk na kuachia kabla kidole hakijaanza kubana. Kazi ya racheti ni hiyo tu: kila mtu abane kwa nguvu ileile, mwenye mkono wa chuma na mwenye mkono wa pamba wasome namba moja. Mkerezaji huyo nampa nyota zote, na bei yake ilizidi bei ya maikromita yenyewe. Nililipa bila kinyongo.

Loki sijairudisha. Naisoma ikiwa bado imeshika kitu, sihitaji kuifunga. Ufunguo niliutengeneza mwenyewe kwa kipande cha bati nene na pini. Ni wa kuingia kwenye kitundu cha slivu ili kuisogeza pale sifuri inapokuwa haikutani na mstari.

Sasa usahihi, maana hapo ndipo mauzo ya mitumba mengi hufia. Sifuri kukaa sawa hakuthibitishi kitu zaidi ya sifuri. Sina seti ya vipande vya kupimia, vile vya chuma vyenye ukubwa uliothibitishwa, nikatumia gololi mpya za baiskeli. Za ekseli ya nyuma ni robo inchi, 0.2500, na za mbele ni 3/16, yaani 0.1875. Nilinunua za kutosha, nikazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, nikatupa zilizotofautiana. Yangu ilisoma 0.250 mstari juu ya mstari, na 0.1875 ikakaa katikati ya mistari miwili, panapotakiwa. Gololi ina faida nyingine: iweke katikati ya sura, kisha karibu na ukingo. Sura zikiwa zimechimbika katikati, hapo katikati itasoma pungufu kidogo kuliko ukingoni, kitu ambacho kufunga hadi sifuri hakikuonyeshi. Msitumie upana wa bearing kuhakiki, hata iwe mpya kutoka kwenye boksi. Kipenyo chake ndicho hutengenezwa kwa ukali, upana huachiwa nafasi kubwa zaidi. Anayehitaji cheti kwa ajili ya kazi za kiwanda aipeleke maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mimi kwa valvu na shimu, vile vipande vyembamba vya kujazia nafasi, sijaona haja.

Joto la Dar nililihofia, kwa kuwa vipimo hivi vinahesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Ila chuma kwa chuma hupanuka pamoja, na inchi moja ya chuma ikipanda nyuzi 10 huongezeka kama sehemu moja ya kumi ya thau. Cha kuogopa ni kipande kilichotoka tu kwenye mashine ya kukereza, bado cha moto, unakipima kwa kifaa kilichokaa kivulini. Subirini kipoe, hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

Kasoro zake ni za kweli. Kusoma kunataka macho mazuri na mwanga. Haina skrini wala kitufe cha kuhamia milimita. Upepo wa bahari unaipenda: lazima tone la mafuta ya cherehani, na uihifadhi sura zikiwa zimeachana kidogo, zikigusana unyevu hukaa katikati na kutu huanza hapo. Asiyegusa mashine za inchi anunue ya milimita aachane na habari hii.

Kwa sasa natafuta ndugu yake ya inchi 1 hadi 2, kwa ajili ya krenki. Nimeshaonyeshwa moja nzuri, racheti ipo, loki ipo, sikuichukua. Ile fimbo yake ya inchi moja ya kuwekea sifuri haikuwepo, na muuzaji alidhani ni kipande cha chuma tu, akakiuza kwa kilo.