Lori limekanyaga kioo chake lenyewe, halafu naulizwa kama nilipitisha pasi

Naandika nikiwa bado na hasira kwahiyo mnivumilie kama mpangilio sio mzuri. Haya ni maoni yangu juu ya modeli ya lori, zile za plastiki zinazokuja vipande vipande kwenye boksi unaunga mwenyewe. Wanaotaka kujua boksi lina vipande vingapi, lori likikamilika linakuwa na urefu gani na rangi gani zinapendekezwa, vyote vimeandikwa ubavuni mwa boksi, someni huko. Mimi nimekuja kuongelea kioo. Kioo cha mbele tu basi.

Lenyewe ni lori la Kimarekani, yale ya pua ndefu, kioo cha mbele kimegawanywa mara mbili katikati, ekzosi mbili zimesimama nyuma ya kebini, skeli 1/25, yaani la kweli ni refu mara 25 ya hili. Nilikuwa nalitamani siku nyingi. Nikanunua, likafika, nikafungua boksi nikanusa (msinicheke, wenzangu mnaounga modeli mnaijua ile harufu), nikageuza geuza fremu mbili tatu (zile za plastiki zinazoshikilia vipande kabla hujavikata), nikafunga tena nikaliweka juu ya kabati na wenzake. Ndiyo, nina kabati. Kila mtu wa hii kazi ana kabati lake na kila mtu anajidanganya kwamba atayaunga yote kabla hajazeeka. Likakaa huko mwaka, mwaka na kitu, risiti ipo mahali ila hiyo sio hoja kwa sasa.

Juzi kati nikalishusha. Na hapa niwe mkweli, mwanzo ulikuwa mtamu mpaka nikaanza kuogopa. Chesesi ya lori ndiyo inawashinda wengi, zile reli mbili ndefu usipoziweka kwenye meza iliyonyooka kabisa mwisho wa siku lori linasimama tairi moja iko hewani kama mbwa anayekojoa. Hizi zilikaa zenyewe. Natumia gundi ya Tamiya ile nyembamba ya kifuniko cha kijani, unagusisha brashi kwenye mshono tu inajivuta ndani, plastiki inayeyuka kidogo inashikana, hamna cha kubana na raba wala kushikilia mpaka vidole vife ganzi. Springi zina kila jani lake. Injini nikaitilia waya za breki na mipira ya maji ambayo hata haimo kwenye boksi, nimetengeneza mwenyewe kwa waya wa simu, maana unajua utamu ukikolea mtu anajiongeza. Usiku ule nilikuwa nishawapa nyota tano moyoni.

Halafu nikachukua mfuko wa vioo.

Sasa sikilizeni. Mfuko mmoja. Ndani yake fremu ya vioo vyote NA tairi zote kumi. Pamoja. Zimelaliana humo kama abiria wa basi la usiku. Nikavuta, haitoki. Nikavuta tena, tairi ikatoka na mlio wa kubanduka, chaap, kama mtu kavua stika kwenye friji. Nikanyanyua kioo cha mbele kwenye taa nikaona kashata za tairi zimechorwa juu yake. Sio mkwaruzo, sio uchafu, ni kashata kabisa, kila jino, zimezama ndani ya kioo upande wa dereva urefu wa kama sentimita moja na nusu. Kwa skeli ya 1/25 piga hesabu mwenyewe, ni karibu sentimita 38 kwenye lori la kweli, yaani dereva angekuwa anaona barabara kupitia alama ya tairi. Lori limekanyaga kioo chake lenyewe hata kabla halijazaliwa.

Wageni kwenye haya mambo mtashangaa, wazee wa kazi wanajua. Tairi nyingi za modeli ni za vinaili laini, na ule ulaini sio wa asili, unatokana na kemikali inayochanganywa ili plastiki ilegee iwe kama mpira. Ile kemikali haitulii. Inatoka taratibu miezi na miaka, ikikutana na plastiki ngumu ya modeli, polistairini, inaanza kuila. Ndiyo maana kuna watu wana modeli za miaka ya 1960 na 1970 kwenye kabati zinang'aa vizuri lakini ukishika gurudumu unakuta rimu imeyeyuka kwa ndani imegandana na tairi. Hii sio siri. Hili ni tatizo la miaka na miaka, watengenezaji wenyewe wanalijua kuliko mimi, na dawa yake ni mfuko wa pili. Mfuko! Kile kiplastiki cha bei ya hewa! Mtu amekaa amechonga kila jani la springi halafu kashindwa kuweka tairi kwenye mfuko wake.

Nikaandikia huduma kwa wateja. Kwa adabu kabisa, nimepiga picha nne, moja nimeweka tairi pembeni ya alama waone zinalingana jino kwa jino. Sikuomba pesa, sikuomba boksi jipya, niliomba fremu ya vioo, kitu chenye uzito wa barua.

Jibu likaja: "Ndugu mteja, tunaona kioo kimeathiriwa na joto. Je, ulipitisha pasi juu ya bidhaa au uliiacha karibu na jiko?"

Pasi.

Jamani pasi gani ina kashata? Nilisoma ile meseji mara tatu nikitafuta sehemu waliyotania. Nikajibu, bado kwa adabu lakini vidole vinatetemeka, nikawaeleza habari ya vinaili na polistairini yote niliyowaelezea nyie hapo juu, nikaambatanisha picha ya tano ya mfuko wenyewe. Wakakaa kimya siku kadhaa. Kisha: muda wa kudai umepita, na eti "tunakushauri unaponunua bidhaa ya kuchezea uitumie mapema."

Bidhaa ya kuchezea. Kwenye boksi lao wenyewe wameandika miaka 14 kwenda juu. Mimi hapa nina barakoa ya kupulizia rangi, nina visu vya wembe ambavyo vimenikata vidole vyote isipokuwa kimoja, nina msasa wa namba nane tofauti, nimekaa siku mbili nzima kusubiri praima ikauke kabla sijaweka rangi kwa sababu ukiharakisha rangi inachanika kama ardhi ya kiangazi, halafu mtu anakaa ofisini ananiambia nacheza. Na hilo la "itumie mapema" ndilo lililoniua kabisa, yaani hili ni maziwa? Linachacha? Kama linaharibika likikaa basi andikeni tarehe ya mwisho kwenye boksi tujue tunanunua nini.

Hapo nikaapa sinunui tena kitu cha hawa watu. Nyota moja, na hiyo moja ni ya springi.

Lakini lori lilikuwa mezani linaniangalia na matundu mawili ya macho bila vioo, na mtu unashindwa kulala. Nikajaribu kukiokoa. Msasa wa maji namba 800, kisha 1000, 1500, 2000, halafu dawa ya kung'arishia na kitambaa cha pamba. Kazi ya jioni nzima, na kwenye vioo huwezi kukandamiza, plastiki ya vioo ni kavu kuliko ya bodi, haikunji, inakatika tu. Kashata zikafifia. Hazikuisha. Nikakipachika kwa majaribio, nikamwita binti yangu aje aone, akachungulia akasema, "Baba, kwani hili liligonga mtu?" Nikakitoa.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipoanza kuharibika, na sipendi kusema hivi. Kile kioo cha mbele cha hili lori ni vipande viwili bapa. Havina mkunjo. Ingekuwa lori la Ulaya lenye kioo kimoja cha kujipinda nisingekuwa na la kufanya, lakini bapa, bapa unakata. Nikachukua karatasi nikaibana kwenye tundu la kioo nikapitisha penseli kwa ubavu mpaka ukingo ukajichora, nikakata hiyo karatasi, nikaiweka juu ya ile plastiki ngumu nyembamba inayokuja kwenye pakiti za miswaki, nikakata kwa wembe mpya polepole. Nikabandika kwa gundi nyeupe ya karatasi, ile ikikauka inakuwa kama haipo. (Msitumie superglu kwenye vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe, kitu nilichojifunza kwa kuharibu, ila hiyo ni habari ya lori jingine na hiyo ni kosa langu mwenyewe.)

Wee! Likapendeza mpaka nikanyamaza.

Nikakiangalia kile kioo cha kiwandani nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani miaka yote hii. Unene wake ni kama milimita moja. Mara 25 ni sentimita mbili na nusu. Hicho sio kioo cha lori, hicho ni kioo cha gari la kubebea pesa za benki, kisichopenya risasi! Ndiyo maana ukiangalia ndani ya kebini kupitia vioo vya modeli mambo yanaonekana kama yako chini ya maji. Hiki changu cha pakiti ya mswaki unaona mpaka mishale ya dashibodi. Kwahiyo kama kioo chao kingekuja kizima, ningekipachika kile kinene, ningeridhika, nisingejua. Sasa sijui niwashukuru au niwatukane. Nilikaa na hilo swali kama wiki. Nikasema basi, niwe mtu mzima, nyota tatu. Plastiki nzuri, kalibu zimechongwa kwa mkono wa mtu anayependa malori, ufungaji wa ovyo, huduma kwa wateja mbovu, nyota tatu ni haki.

Nikawa nimeshaanza kuandika maoni ya nyota tatu, ya upole kabisa, mngeyasoma mngesema huyu ni mstaarabu. Nikawa nawashauri tu wenzangu: ukinunua hili, siku hiyo hiyo likifika fungua boksi, toa tairi, ziweke kwenye chombo chao mbali na plastiki yoyote, halafu ndio ulipandishe kabatini. Na ukifika wakati wa kuzivalisha kwenye rimu, zungushia rimu karatasi ya foili nyembamba kwanza, zisigusane ngozi kwa ngozi.

Halafu ikaja bahasha. Kutoka kwao! Sikuamini. Hamna barua, hamna samahani, hamna jina la mtu, ila ndani kuna fremu mpya ya vioo, safi, imenyooka, inang'aa. Kwa hiyo kumbe kuna binadamu mle ndani, mtu fulani alisoma zile meseji, akaona picha, akaamua kimya kimya kunitendea haki. Karibu nitoe machozi. Nikaanza kufikiria nyota nne. Na inaonekana aliniona nimehangaika sana akataka na kunipoza kidogo, maana ameniongezea na tairi mbili za ziada.

Kwenye mfuko huo huo. Pamoja na vioo.

Nikazivuta palepale mlangoni hata sijafunga mlango. Moja ikatoka kirahisi. Ya pili ikatoa mlio, chaap. Mdogo, lakini nimeusikia. Kioo kwenye taa bado ni kizima, nimekiangalia pande zote, nimekitia kwenye bahasha yake kimeenda juu ya kabati, na tairi nimezifungia kwenye mkebe wa bati uko chumba kingine kabisa.

Nyota moja. Springi.