Academy ya mpira Mbagala: hapa mtoto anapandishwa akacheze, sio akakae benchi

Wazazi wenzangu wa Mbagala na Temeke mnaoulizia academy ya mpira, nawashauri hii ya huku karibu na Rangi Tatu. Mwanangu ana miaka 14, huu ni mwezi wa saba tangu aanze pale. Ada elfu 40 kwa mwezi, mazoezi mara tatu kwa wiki saa kumi jioni, uwanja vumbi tupu na maji mtoto abebe mwenyewe, hilo mjue kabisa.

Kilichonifanya niandike ni wanavyopandisha watoto. Academy aliyokuwa mwanzo alifunga magoli manne kwenye bonanza moja tu basi wakambeba moja kwa moja U17, yaani timu ya chini ya miaka 17, mi nikafurahi nikamnunulia na njumu mpya, kumbe kule hana namba. Miezi mitatu kila Jumamosi tunapanda daladala anaenda kukaa benchi, akiingizwa ni dakika tano za mwisho, mpira ukimfikia anautoa haraka kama unamuunguza, na huyu ndo dogo anayepiga chenga watu watatu mtaani. Ikafika Jumamosi asubuhi anasema tumbo linamuuma. Iliniuma sana aisee.

Huku kocha alimrudisha U15 kwanza, nikanuna. Baada ya kama miezi miwili ndo akaanza kumuita juu, Jumanne na Alhamisi anafanya mazoezi na wakubwa, Jumamosi anacheza mechi na wenzake mwanzo mwisho. Kocha ana daftari la kaunta limechakaa, kila mtoto na dakika zake, akanifungulia ukurasa wa mwanangu nikaona wiki ile 70 za U15 na 15 za U17. Akaniambia, "Baba Rama, nikimpandisha lazima niwe na nafasi ya kumpa, asipopata dakika namrudisha akacheze, kurudi chini sio kufeli."

Nikamuelewa. Huku kila mtoto anataka awe Samatta, na Samatta mwenyewe wa Mbagala hii hii alianzia African Lyon, akaja Simba, 2011 akaenda TP Mazembe ya Congo akacheza pale miaka karibu mitano, Januari 2016 ndo Genk ya Ubelgiji, Uingereza kafika 2020 na Aston Villa. Kila alipohamia alikuwa anatoka sehemu anayocheza.

Wanachonikera ni ratiba, mechi inabadilishwa muda wanatuma WhatsApp saa nne usiku, wengine tunakuwa tushalala, wajirekebishe kwa kweli.

Jumamosi iliyopita aliingizwa U17 kipindi cha pili, mpira wa kwanza akanyang'anywa, nikashika kichwa. Dakika hiyo hiyo namuona kanyoosha mkono anauomba tena.

Mkienda nendeni Jumanne kabla mazoezi hayajaanza muongee na kocha mwenyewe, na mbebe cheti cha kuzaliwa maana umri wanaangalia kweli.