Kabla Hujalipia Kopo la Protini, Ligeuze Nyuma

Kopo langu lilikuwa la kilo mbili, mbele limeandikwa kwa herufi za dhahabu: gramu 25 za protini kila kijiko. Kijiko chenyewe kilizikwa chini kabisa, nikachimba hadi kiwiko. Wiki tatu nilikunywa baada ya skwati, na ule utamu wake ulikuwa ukigoma kutoka ulimini. Siku moja nikaligeuza, nikamulika maandishi ya nyuma kwa tochi ya simu. Wei, ile protini ya maziwa, ndiyo ya kwanza. Halafu glisini, moja ya asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Halafu taurini. Halafu kreatini, ile ya kuipa misuli nguvu.

Hapo ndipo penye wizi, na wanunuzi wengi huishia kuuliza ladha. Kipimo cha maabara kiitwacho Kjeldahl, kilichopo tangu 1883, hakipimi protini yenyewe. Hupima nitrojeni, kisha protini inakadiriwa kutoka hapo. Glisini, kama taurini na kreatini, ina nitrojeni, ni ya bei rahisi, tena ni tamu. Ukiichanganya humo, namba inapanda bila wei kuongezeka hata chembe. Melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, iliyotiwa kwenye maziwa ya watoto China, kashfa ya 2008, ilipita mlango huohuo. Glisini haiui mtu, lakini misuli iliyochoka inataka leusini, asidi amino inayochochea ujenzi wa misuli.

Sitajifanya sina upande: kwenye orodha yangu, namba moja ni wei ya Gold Standard ya Optimum Nutrition. Gramu 24 za protini kwenye kijiko cha gramu 30 hivi. Piga hesabu hiyo kwa kila kopo unaloshika. Likikupa gramu 24 kwenye kijiko cha gramu 45, unanunua sukari na unga.

Ya pili ni kreatini monohidrati tupu, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mimi huchukua yenye nembo ya Creapure, inayotengenezwa Ujerumani. Kreatini ikiuzwa kwa jina lake ni mali halali. Ikijificha ndani ya hesabu ya protini, umeibiwa.

Protini ya mbaazi inawafaa ambao maziwa huwavuruga tumbo. Mifuko ya bei ya chini isiyotaja gramu za kila kiambato, pita nayo mbali. Na BCAA? Asidi amino tatu ambazo wei tayari inazo. Ni kutia chumvi mchuzi uliokwisha kolea.

Anayepimwa dawa michezoni atafute kopo lenye nembo ya NSF Certified for Sport, maana wanaoitoa huangalia pia kama kilichomo ndicho kilichoandikwa.

Ila maumivu ya siku ya pili, yale ya kushuka ngazi kinyumenyume, hakuna poda iliyowahi kuniondolea. Muuzaji aliniapia itayaondoa. Niliporudisha kopo akasema, "Dada, limeshafunguliwa." Sasa ningelionjaje bila kulifungua? Akanipa kopo la BCAA nijaribu, kwa punguzo.