Shokapu na Springi za Prado, Hilux na Mkonga (Land Cruiser 70): Ununue Zipi Ukiwa Arusha au Moshi

Wenye Prado na Hilux wengi wa huku kwetu wakitaka kuboresha miguu ya gari, swali lao la kwanza kwa fundi ni moja: "Nipandishe inchi ngapi?" Natamani waanzie kwingine. Gari ambalo siku nyingi linakwenda Njiro, sokoni Kilombero, shuleni na kurudi, kisha mara mojamoja linapanda Kibosho au kuelekea Karatu, halina shida ya urefu. Shida yake ni kunesa, kuyumba kwenye kona na kugonga kwenye matuta. Urefu hautibu hata moja kati ya hayo, na mara nyingi huyaongeza.

Kabla ya kutoa hela, elewa nani anafanya nini huko chini. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza springi ikishabonyea, isiendelee kupanda na kushuka. Inaituliza kwa kusukuma oili kwenye matundu madogo, na nguvu ya ule mtikisiko inageuka kuwa joto. Kwa hiyo ukiweka springi ngumu mpya juu ya shokapu iliyochoka, gari litakurusha kuliko lilivyokuwa. Na ukiweka shokapu ya bei kubwa huku bushi za amu (raba za kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu) zimekufa, bado litagonga, nawe utadhani umeuziwa feki. Mwambie fundi aingize mtaimbo kwenye kila bushi na kila bolijointi, asukume, na wewe uwepo uangalie kwa macho yako. Raba iliyopasuka inaonekana.

Nimepanga kuanzia chaguo ambalo ningemshauri ndugu yangu, hadi lile ambalo ningemzuia.

Nafasi ya kwanza: shokapu mpya nzuri, urefu uleule wa kiwandani, na bushi mpya

Hili ndilo jibu kwa walio wengi, ingawa ndilo wasilotaka kulisikia kwa sababu gari halibadiliki sura. KYB ya Japani au shokapu orijino ya Toyota, nne kwa pamoja, pamoja na raba za juu za shokapu za mbele, bushi za amu na linki za stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Kati ya Arusha na Moshi matuta hayaishi: Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, na rasta kabla ya tuta lenyewe. Gari lenye seti hii linapanda tuta, linashuka, linatulia. Halinesi mara ya pili wala ya tatu. Kwenye kona za kupanda Machame halilali ovyo upande mmoja, na ukishika breki ghafla pua haizami kwa kishindo.

Chagua shokapu za gesi. Shokapu ya oili tupu ikitikiswa mfululizo kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja, hewa iliyo ndani inachanganyika na oili na kufanya povu, na povu halina ubavu wa kuzuia kitu. Gesi ya naitrojeni inaikandamiza oili ili povu lisifanyike kirahisi.

Dukani, omba ufunguliwe boksi. Shokapu ya gesi inakuja imefungwa mkanda, fimbo yake ikiwa imezamishwa. Ukikata mkanda, fimbo inapanda yenyewe, taratibu, kwa mwendo mmoja bila kukwama. Ikibaki palepale ilipo huku boksi linasema ni ya gesi, irudishe kaunta. Pitisha pia kidole kwenye kromu ya fimbo: iwe laini kama kioo, bila mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo mmoja unachana sili na oili itaanza kuvuja mapema.

Nafasi ya pili: seti kamili ya springi na shokapu, ikipandisha milimita 40 hadi 50

Hii ni ya mtu ambaye gari lake limeongezewa uzito wa kudumu: bampa la chuma, winchi, keria nzito, tangi la ziada. Au anayeishi mahali ambapo barabara ya mwisho ya kufika nyumbani ina korongo, na amekwisha kuona mikwaruzo kwenye tumbo la gari. Kampuni za Australia ndizo zilizojijenga kwenye kazi hii: Old Man Emu, Ironman, Dobinsons, Tough Dog. Ubora wa seti ni kwamba springi na shokapu vimepimwa viende pamoja.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela, kwa hiyo nikae kidogo. Springi za urefu mmoja zinatengenezwa kwa ugumu tofauti: za gari tupu, za gari lenye bampa na winchi, na za gari linalobeba mzigo siku zote. Muuzaji akiwa na zile ngumu peke yake stoo, atakwambia "hizi ndizo ngumu, hazifi." Usikubali. Springi ya mzigo kwenye gari tupu inafanya mkia urukeruke, na tairi isiyogusa lami haishiki breki. Kwenye kona yenye maji wakati wa masika, hiyo ni hatari kwa watoto waliokaa nyuma. Ukubali ukweli wa mzigo wako: kama viti vya nyuma vinajaa Desemba tu, familia ikipanda Marangu, wewe ni mtu wa springi ya gari tupu.

Usivuke milimita 50 kwenye gari ambalo magurudumu ya mbele yanajitegemea, kama Prado za 120 na 150 na Hilux za miaka hii. Ukizidisha, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali na raba za sivi jointi, yaani viungo vya shafti hizo, zinachanika. Prado hizo nyingi ni fowili ya muda wote, yaani shafti za mbele zinasukuma hata ukiwa kwenye njia nne za Sakina hadi Tengeru, kwa hiyo uchakavu haupumziki. Tena pembe ya usukani inapotea: gari linaanza kutangatanga, na ukikata kona usukani haurudi wenyewe. Kurekebisha hilo kunataka amu za juu mpya, na bajeti uliyoanza nayo haitatosha.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi. Hilux nyingi na Prado za zamani zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa kwa mkono na ekseli. Inapima jinsi nyuma ilivyobonyea ili ijue kuna mzigo kiasi gani. Ukipandisha nyuma, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Mkono huo lazima urekebishwe siku hiyohiyo. Uliza, na usikubali jibu la "haina neno."

Nafasi ya tatu: shokapu za bomba moja, springi ibaki ya kiwandani

Bilstein ya Ujerumani ndiyo maarufu. Ndani yake oili na gesi vimetenganishwa na pistoni inayoelea, havichanganyiki kabisa, na kwa kuwa bomba ni moja, joto linatoka nje haraka. Kwa mtu anayevuka Loduare, lango la Ngorongoro, kuelekea Naabi, lango la Serengeti, mara kwa mara, ambako lami imekwisha na mtetemo ni wa masaa, tofauti ataiona wazi: shokapu bado inafanya kazi wakati nyingine zimekwisha kuchemka.

Mbona basi iko ya tatu? Kwanza, kwa mwendo wa pole mjini, kwenye mashimo madogo, utaisikia ngumu. Pili ni mawe. Ukuta wa nje ndio njia ya pistoni, kwa hiyo jiwe likiruka na kulibonyeza bomba, pistoni inakwama na shokapu imekufa. Ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, inaweza kubonyea kidogo nje na kuendelea na kazi. Kwa njia za mawe za upande wa Ziwa Natron, hilo ni la kufikiriwa.

Nafasi ya nne: mifuko ya upepo ndani ya springi za nyuma

Ni nyongeza ya bei nafuu kwa gari lenye springi za koili nyuma na mzigo wa msimu. Unajaza upepo ukipakia, unapunguza ukishusha. Usiiache bila upepo kabisa, itabanwa na kukatika. Na isitumike kuficha springi iliyolegea, hiyo badilisha.

Nafasi ya tano: spesa

Kipande cha chuma au plastiki juu ya springi. Gari linapanda, shokapu inabaki ileile, urefu wa kucheza wa shokapu unapungua upande wa kushuka, na kila shimo linaivuta hadi mwisho wake. Wanaouza wanasifu bei. Mimi siitaki kwenye gari la mtu ninayemjali.

Usinunue kabisa

Shokapu za mtumba. Hujui zimetembea kilomita ngapi, na sili yake imekaa kavu kwenye kontena. Pia kupandisha inchi nne kwenye gari la lami.

Wenye mkonga, yaani Land Cruiser za 70 zenye springi za mapande nyuma: springi yenu ilitengenezwa kwa mzigo, kwa hiyo gari likiwa tupu ugumu ni wa kawaida. Shokapu nzuri na bushi mpya za springi zitasaidia, kupandisha hakutasaidia. Na wenye Prado yenye swichi ya kuchagua ugumu wa shokapu, au springi za upepo nyuma, mwambieni muuzaji kabla hajafungua boksi, kwa sababu seti ya kawaida haitaingia bila kugusa mfumo huo.

Siku ya kufunga

Nenda gereji mwenyewe, iwe Unga Limited au Majengo. Kabla ya kazi, pima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, uandike namba nne. Fundi asiishike fimbo ya shokapu kwa koleo, kromu itakwaruzika. Shokapu ya mabomba mawili aipampu kwa mkono mara kadhaa ikiwa imesimama wima, hewa itoke kwenye oili.

La muhimu kuliko yote: boliti za bushi za amu zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa matairi yake chini. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, raba inafungwa ikiwa imejipinda, na kila kilomita utakayoendesha inaendelea kusokotwa hadi ichanike. Bushi nyingi mpya zinakufa mapema kwa sababu hii peke yake.

Kisha alaimenti, siku hiyohiyo, na taa zishushwe kama gari limepanda, usiwapofushe wanaokuja. Baada ya kilomita 500 hivi rudi, nati zote zikazwe upya, upime tena urefu kwenye yale magurudumu manne. Springi mpya hushuka kidogo na kukaa mahali pake; upande mmoja ukishuka sana kuliko mwenzake, rudi na risiti dukani.