Injini ya Peugeot 504 ya lita mbili: uzoefu wangu wa miaka mingi barabarani

Wapenzi wa magari ya zamani hupenda kusema kwamba injini ya Peugeot 504 haifi. Baada ya kuimiliki na kuitumia mfululizo kati ya Mombasa na Nairobi, pamoja na safari za huku na kule hadi Nakuru na Eldoret, nimefikia hitimisho kwamba kauli hiyo ni ya kweli kwa nusu ya chini ya injini, na ni ya hatari kwa nusu ya juu. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya petroli yenye silinda nne inayotambulika kwa alama XN1, wala si ya dizeli, ambayo ina tabia zake tofauti kabisa.

Gari lenyewe lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968 likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1796, na injini ya lita mbili ikaja muda mfupi baadaye. Ukoo wake unatokana na Peugeot 404, gari lililoitangulia: mafundi wa kiwanda walichukua silinda yenye kipenyo cha milimita 84 na mpigo wa milimita 73, wakarefusha mpigo hadi 81, na kisha wakapanua kipenyo hadi 88, ndipo zikapatikana sentimita za ujazo 1971. Bloku, yaani mwili wa injini, ni ya chuma cha kusubu, hedi inayoifunika juu ni ya aluminiamu, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko ubavuni mwa bloku na huzungushwa kwa cheni, na valvu husukumwa kwa fito ndefu. Injini yote imelazwa upande kwa pembe ya digrii 45, jambo linaloshusha boneti na kumwachia fundi nafasi ya kuingiza mikono ambayo magari ya leo hayana. Nguvu yake ni zaidi kidogo ya farasi 90, zinazopatikana kwenye mizunguko 5200 kwa dakika. Kwa gari la ukubwa ule hizo si nyingi, lakini msukumo wake huanza mapema, na ukipanda Mazeras ukiwa umepakia abiria na mizigo, gia ya tatu hutosha bila injini kulalamika.

Krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imekaa juu ya beringi kuu tano, na hapo ndipo penye siri ya sifa zake. Injini yangu ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza tangu niinunue, beringi za krankshafti zilikuwa bado na rangi yake ya kijivu iliyo sawia, bila mikwaruzo, ingawa mzee aliyeniuzia aliitumia gari hiyo kubeba abiria wa masafa marefu kwa muda mrefu kabla yangu. Oili safi inayobadilishwa kwa wakati ndiyo karibu yote inayohitajika huko chini.

Hedi ni habari nyingine. Silinda za injini hii si matundu yaliyochimbwa ndani ya bloku, bali ni slivu, yaani mirija ya chuma inayochomolewa, ambazo maji ya kupooza huzizunguka moja kwa moja. Kila slivu hukaa juu ya sili yake chini, na juu hutakiwa kuchomoza kidogo sana kupita uso wa bloku, sehemu ndogo ya milimita, ili gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku ibanwe barabara. Mpango huu una faida kubwa, kwa sababu silinda ikilika unanunua slivu na pistoni mpya na kuzipachika bila kuhitaji kuchonga bloku. Hasara yake ni kwamba fundi asiyeijua anaweza kuharibu kazi yote kwa kosa moja. Hedi ikishatolewa, krankshafti haipaswi kuzungushwa kabla slivu hazijabanwa kwa vibano, kwani pistoni huziinua, sili za chini huachia, na baada ya kufunga kila kitu maji huanza kuteremka kwenye oili. Niliwahi kumshuhudia fundi mmoja wa jua kali akitumia boliti fupi na washa pana kuzibana kabla ya kugusa puli. Tangu siku hiyo sijampelekea fundi mwingine kazi ya hedi.

Kuhusu maji, sisi wa pwani tuna tatizo letu. Wengi hujaza rejeta kwa maji ya bomba au ya kisima, na chumvi iliyomo hula aluminiamu ya hedi kuanzia pembezoni mwa njia za maji hadi gasketi ikose pa kushika. Mimi hutumia kulanti (dawa ya kupooza injini) iliyochanganywa na maji yaliyotakaswa, na huibadilisha hata ikionekana safi. Jambo jingine ni feni. Kiwanda kiliipa injini hii feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme, ambayo huzunguka kwa nguvu pale tu maji yanapopata moto na kuachia yanapopoa. Ni ubunifu mzuri unaopunguza kelele na petroli, lakini waya wake au brashi yake ikichoka, gari huchemsha kwenye foleni bila onyo jingine isipokuwa mshale wa joto. Ndiyo maana nyingi utakazozikuta feni yake imekazwa ishike wakati wote. Yangu niliirudisha katika hali ya asili, ingawa kwa anayeishi katikati ya foleni za Nairobi sitamlaumu akiikaza.

Marekebisho ya kawaida ni mepesi. Nafasi inayoachwa kati ya valvu na mkono unaoisukuma, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.10 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutolea moshi, na kazi hiyo huimaliza mtu mwenye subira nyumbani kwake. Jambo moja huwasumbua mafundi waliozoea magari ya Japani: silinda namba moja iko upande wa gurudumu la klachi, si upande wa rejeta. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kupata cheche, ni 1-3-4-2, na hubaki uleule hata ukihesabu kutoka mbele, lakini anayechanganya hesabu ya kitabu na mazoea yake hupeleka cheche kwenye silinda ambayo si zamu yake, na moto hutokea kwa mlipuko kupitia kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Petroli inakula. Katika barabara ndefu napata takriban kilometa tisa kwa lita, mjini hupungua, na huko Limuru na Mau, ambako hewa ni nyepesi, kabureta iliyorekebishwa Mombasa hutoa petroli nyingi kupita kiasi na plagi huwa nyeusi. Wanaotaja Safari Rally kama ushahidi wa uimara wana haki kuhusu mwaka 1975, Ove Andersson aliposhinda kwa 504 ya silinda nne. Ushindi wa Jean-Pierre Nicolas wa 1978 ulitokana na injini ya silinda sita, kwa hiyo usihesabiwe hapa.

Spea bado zinapatikana, kwa kuwa magari haya yaliunganishwa Kenya kwa muda mrefu, ila gasketi bandia zimejaa madukani na nimelazimika kufungua hedi mara ya pili kwa sababu ya moja iliyoungua mapema. Anayetaka kununua gari la namna hii aende asubuhi injini ikiwa baridi, afungue kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha na atazame kama kuna utando wa oili, kisha achomoe kijiti cha oili na aangalie kama kuna rangi ya maziwa. Baada ya hapo aiache ingurume mpaka ipate moto na asubiri feni ishike yenyewe. Muuzaji akianza kumharakisha kabla feni haijashika, bei ipunguzwe kwa gharama ya hedi nzima.