mamaRoo ya 4moms: bembea nzuri inayotaka uangalifu
Kampuni ya 4moms ya Pittsburgh, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005, imejijengea jina kwa kuingiza teknolojia ya roboti katika vifaa vya watoto wachanga, na bembea yake ya mamaRoo ndiyo kielelezo bora cha kazi hiyo. Kiti chake hakiendi mbele na nyuma kama bembea za kawaida, bali mota hukipandisha na kukishusha huku kikiyumba pembeni, kwa mitindo mitano ya mwendo na kasi tano, ukiwemo mtindo unaoiga mtikisiko wa gari. Kwa maoni yangu, ulaini wa mwendo huo ndio unaostahili sifa kuliko urembo wake wote.

Hata hivyo, suala la usalama ni zito. Mwaka 2022 takriban bembea milioni 2 za mamaRoo zenye mikanda ya ncha tatu (mikanda ya kumfunga mtoto inayoshikiliwa sehemu tatu) zilitangazwa kuwa na hatari, kwa sababu mikanda iliyoning'inia chini ya kiti kitupu ingeweza kumnasa shingoni mtoto anayetambaa. Mtoto mmoja wa miezi 10 alifariki. Anayenunua iliyokwisha kutumika, jambo la kawaida kwa vifaa vya watoto, ahakikishe imefungwa kishikizo cha mikanda ambacho kampuni ilikitoa bure. Tena, bembea si kitanda: mtoto akisinzia, ahamishiwe mahali tambarare.